Katriji na fono, ipi kwa ipi? Ulinganisho kwa wenye santuri za zamani, kutoka Tanga

Sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha shangazi yangu, kule Chumbageni, lina umri kunizidi. Ndani mna santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi hazina majalada, zimetenganishwa kwa vipande vya gazeti: Black Star na Lucky Star za taarabu, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za dansi. Tanga ni waja leo waondoka leo, wasemavyo, lakini santuri hizi zilikuja na hazijaondoka.

Mwaka jana tulisikiliza santuri moja ya Black Star katika mashine mbili za santuri, siku moja. Nyumbani kwa shangazi mashine yake ina katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya Audio-Technica VM95E, nayo imeunganishwa na amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 70. Muziki ulitoka na nguvu, ila kila mwimbaji alipotamka "s" au "sh" sauti ilichoma sikio kama kitambaa kinachopasuliwa. Jioni tukaenda Raskazone kwa rafiki yangu. Yeye ana katriji ya gharama, Denon DL-103, ameichomeka kwenye kisanduku kidogo cha fono, yaani cha kukuza umeme wa katriji, cha bei nafuu. Hapo sauti ilikuwa dhaifu. Gitaa la besi, ambalo ni miongoni mwa vilivyoitofautisha taarabu ya Tanga na ya Unguja, halikusikika kabisa. Alipoongeza sauti, ukaja mvumo.

"Mwanangu, santuri imekufa hii?" shangazi akauliza.

"Haijafa, shangazi. Subiri."

Tulikuwa tumekuja na mashine yake ndani ya gari. Tukaichomeka kwenye kile kisanduku cha rafiki yangu, katriji ile ile, santuri ile ile. Makali ya "s" yakapungua, besi ikarudi mahali pake, na shangazi akaanza kuimba. Hakuna kilichonunuliwa siku ile. Tulibadilisha tu nani anaungana na nani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue katriji gani, namuuliza kwanza ana fono gani na santuri zake ni za namna gani. Bei ya katriji haikuambii utakachosikia mpaka ujue inaingia wapi.

Kinachotokea kati ya sindano na spika

Katriji ni kile kichwa kidogo mwisho wa mkono wa mashine, kinachoshika sindano. Sindano ikitikisika ndani ya mfereji wa santuri, katriji hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno: milivolti 4 au 5 kwa katriji ya kawaida, na sehemu tatu za kumi za milivolti moja kwa zile za koili. Amplifaya yako, upande wa AUX (tundu la vifaa vya kawaida), inataka kitu cha milivolti 200 na zaidi. Fono ndiyo inayojaza pengo hilo.

Kazi yake ya pili watu wengi hawaijui. Wanaochonga santuri hupunguza besi na kuongeza trebo kabla ya kuchonga, kwa sababu besi ikichongwa ilivyo mifereji ingekuwa mipana kupita kiasi, na trebo ikichongwa ilivyo ingezama ndani ya mkwaruzo wa plastiki. Fono huligeuza hilo kinyume. Kipimo kinachotumika duniani kote kilikubaliwa Marekani mwaka 1954, na huitwa RIAA kwa jina la chama cha kampuni za kurekodi cha huko. Ukilinganisha na sauti ya kati ya hezi 1,000 (mitikisiko 1,000 kwa sekunde), fono hupandisha besi ya chini kabisa, hezi 20, kwa karibu desibeli 20, yaani mara kumi, na hushusha trebo ya hezi 20,000 kwa karibu kiasi hicho hicho. Ndiyo maana ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye AUX bila fono unasikia kitu kama redio ya simu: chembamba, kikali, na cha mbali.

Na kwa kuwa fono ndiyo inayoipandisha besi mara kumi, mvumo wowote wa umeme ulioingia njiani nao unapandishwa humo humo. Nitarudi kwenye hilo, maana pwani tuna matatizo yetu.

Aina mbili za katriji, kwa maneno ya kawaida

Nyuma ya vifaa utakuta herufi MM na MC. MM ni katriji ambayo sumaku ndogo imefungwa kwenye mkono wa sindano na ndiyo inayocheza, huku koili zimetulia. MC ni kinyume chake: koili ndizo zinazocheza, sumaku imetulia. Nitaziita katriji ya sumaku na katriji ya koili.

Koili inayocheza lazima iwe nyepesi, kwa hiyo ina mizunguko michache ya waya na umeme wake ni mdogo. Koili iliyotulia inaweza kuwa na mizunguko mingi, kwa hiyo umeme wake ni mkubwa, ila mizunguko hiyo mingi inaleta tabia nyingine ambayo ndiyo iliyomtesa shangazi.

Hizi hapa tano ninazozifahamu, na vipimo vyake kama watengenezaji wanavyovitoa:

| Katriji | Aina | Umeme (milivolti) | Mzigo inaotaka | Uzito wa kukandamiza sindano (gramu) |
|---|---|---|---|---|
| Audio-Technica VM95E | sumaku | 4.0 | kilo-omu 47, pikofaradi 100–200 | 2.0 |
| Ortofon 2M Red | sumaku | 5.5 | kilo-omu 47, pikofaradi 150–300 | 1.8 |
| Shure M44-7 | sumaku | 9.5 | kilo-omu 47, pikofaradi 400–500 | 1.5–3 |
| Denon DL-110 | koili yenye nguvu | 1.6 | kilo-omu 47 | 1.8 |
| Denon DL-103 | koili | 0.3 | omu 100 au zaidi | 2.5 |

Safu ya mzigo, yaani kile ambacho nyaya na fono vinaiwekea katriji, ndiyo wengi huiruka. Tuikalie kidogo.

VM95E na 2M Red: zote za sumaku, hazifanani mahitaji

Karibu kila fono ya katriji ya sumaku ina ukinzani wa kilo-omu 47, hapo hakuna la kuchagua. Pikofaradi ndizo zenye mambo. Pikofaradi hupima chaji ambayo nyaya na fono vinaihifadhi njiani. Waya wa mita moja kutoka kwenye mashine hubeba 100 au zaidi, na ulio mbovu hufika hata 200. Nyaya za ndani ya mkono zinaongeza kidogo. Halafu fono yenyewe ina zake, mara nyingi kati ya 100 na 220, na amplifaya nyingine za zamani zina zaidi. Zote hizo zinajumlishwa.

Fikiria bembea. Ukiisukuma kwa mwendo wake yenyewe inapanda juu sana, ukiisukuma nje ya mwendo huo haipandi. Koili ya katriji ya sumaku pamoja na pikofaradi za waya na fono vinafanya bembea ya umeme, yenye mwendo wake. Pikofaradi zikiongezeka, mwendo unashuka. VM95E ina milihenri 550 (kipimo cha ukubwa wa koili kiumeme). Ikikutana na pikofaradi 150 bembea yake iko karibu na hezi 17,500, juu kabisa, ambako masikio ya wengi wetu watu wazima hayafiki. Ikikutana na pikofaradi 400, inashuka hadi karibu 10,700. Kilima cha sauti kinaota hapo hapo karibu na "s" na "sh" za binadamu, na juu ya kilima hicho trebo inaporomoka. Kwa hiyo unapata makali na giza kwa wakati mmoja: "s" inachoma, na vumbi zuri la matoazi halipo.

Hicho ndicho kilichokuwa kwa shangazi. Nyaya za mashine yake zilikuwa ndefu na nene za bei rahisi, na amplifaya ya zamani ina pikofaradi nyingi upande wa PHONO, yaani fono yake ya ndani. Taarabu ya Tanga imejengwa juu ya sauti ya kike ya juu, kama ya Bi Shakila Saidi aliyeimba Black Star na baadaye Lucky Star. Na mashairi ya Kiswahili yamejaa "sh" na "s". Kosa ambalo mpenzi wa muziki wa piano asingelisikia, kwetu linajitokeza kwenye ubeti wa kwanza.

Ortofon 2M Red ina milihenri 700, koili nzito zaidi, lakini imepangwa na watengenezaji wake ikutane na pikofaradi 150 hadi 300. Kwa amplifaya ile ya shangazi ingekaa vizuri zaidi kuliko VM95E. Ukiiweka 2M Red kwenye kisanduku cha kisasa chenye pikofaradi 100 na waya mfupi, bado uko ndani ya mpaka. Ukiiweka VM95E kwenye kisanduku hicho hicho, uko katikati kabisa ya mpaka wake.

Basi baina ya hizi mbili uamuzi wangu hauna utata. Kama fono yako ni ya ndani ya amplifaya ya zamani na huna mpango wa kuibadilisha, chukua 2M Red. Kama una kisanduku kipya au utanunua, chukua VM95E, na sababu kubwa ni sindano zake. Mwili mmoja wa VM95 unapokea sindano za aina nyingi: yenye ncha ya duara, ya umbo la yai, na nyingine zilizonolewa vizuri zaidi, pamoja na ya santuri za mizunguko 78. Unavuta ile ya zamani kwa kidole, unasukuma mpya. Ukiwa Tanga, ambako kifaa kilichoharibika husafiri Dar es Salaam au nje ya nchi, jambo hilo lina uzito mkubwa.

Shure M44-7 naitaja kwa sababu bado zimo ndani ya mashine za madijei waliostaafu. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Inatoa milivolti 9.5, nyingi mno. Kwenye fono yenye ngazi za kukuza, iweke ngazi ya chini kabisa. Na hii ndiyo katriji pekee katika jedwali inayotaka pikofaradi nyingi. Ile amplifaya iliyoichoma VM95E ndiyo hasa inayoifaa.

DL-103: nini kilimpata rafiki yangu

Denon DL-103 ina sifa, na sifa hizo imezistahili. Ilibuniwa miaka ya mwanzo ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la Japani, NHK, itumike redioni, na mpaka leo inatengenezwa. Sindano yake ni ya duara, inashika mfereji kwa uzito wa gramu 2.5, na sauti ya binadamu ndani yake ina mwili. Rafiki yangu alisoma hayo yote kabla ya kununua. Hakuambiwa kuhusu kile kisanduku.

Kisanduku chake kinakuza mara 100, yaani desibeli 40. Katriji ya milivolti 5 inatoka na milivolti 500, safi kabisa. Katriji ya milivolti 0.3 inatoka na 30. Amplifaya ikapewa sehemu ndogo ya inachohitaji, na sikio la mwanadamu sauti ikiwa ndogo huipoteza besi kwanza. Ndipo gitaa lilipokwendea. Ukizungusha kitufe cha sauti kufidia, unapandisha pia mvumo na mkwaruzo wa kisanduku chenyewe.

DL-103 inataka kukuzwa mara 1,000, desibeli 60. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni fono yenye upande wa MC. iFi Zen Phono, kwa mfano, ina ngazi nne: desibeli 36, 48, 60 na 72. DL-103 ikikaa kwenye 60 inatoa milivolti 300, na siku ukirudi kwenye katriji ya sumaku unashusha hadi 36. Kifaa kimoja kinakuhudumia maisha yako yote ya santuri.

Ya pili ni transfoma ndogo ya kuinua, inayokaa kati ya mashine na fono ya kawaida. Haihitaji umeme wa ukutani. Transfoma ya moja kwa kumi inageuza 0.3 kuwa milivolti 3, na fono yoyote ya desibeli 40 inaweza kuibeba kutoka hapo. Lakini transfoma hubadilisha mzigo pia, na kwa kipimo cha mraba: kilo-omu 47 za fono, zikitazamwa kupitia moja kwa kumi, zinakuwa omu 470, kupitia moja kwa ishirini, omu 118 hivi. Zote mbili zinaikubali DL-103, yenye ukinzani wa ndani wa omu 40. Ukivuka moja kwa ishirini unaanza kuibana.

Pikofaradi, zile zilizomsumbua shangazi, katriji ya koili haizijali kabisa ikichomekwa moja kwa moja kwenye fono ya MC. Koili yake ni fupi mno kufanya bembea ndani ya masikio yetu. Hiyo ni faida ya kweli na sitaki kuificha.

Hata hivyo kwa watu wengi wa hapa siipendekezi. Sindano ya DL-103 haivuliwi. Ikiisha au ikivunjika, katriji nzima inabadilishwa au inatumwa kwa fundi wa kuweka sindano upya, nje ya nchi. Nyumba yenye watoto, yenye mtu anayepangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa, ajali ni ya wakati tu. Halafu bei: katriji yenyewe ni mara kadhaa ya VM95E, na juu yake kuna fono ya MC au transfoma. Fedha ile ile inanunua VM95E, kisanduku kizuri, sindano mbili za akiba, na brashi ya kusafishia.

Kitu kimoja zaidi: mkono wa sindano ya DL-103 ni mgumu, nao unataka mkono wa mashine wenye uzito wa kutosha. Mikono myepesi sana ya mashine za miaka ya 80 haiifai, hata fono iwe ya dhahabu.

DL-110 ni ya katikati. Ni ya koili lakini inatoa milivolti 1.6 na inakubali kilo-omu 47, kwa hiyo inaweza kuingia fono ya sumaku yenye ngazi ya kukuza kidogo zaidi ya 40. Kwenye desibeli 40 kamili inatoa milivolti 160. Utazungusha kitufe zaidi kidogo, basi. Sindano yake nayo haivuliwi.

Fono zenyewe: nne ambazo huenda unazo tayari

Iliyo ndani ya mashine. Mashine nyingi mpya zinakuja na fono yake na swichi nyuma, PHONO na LINE. Inatosha kuanza nayo. Hatari yake ni moja: swichi ikiwa LINE nawe umechomeka kwenye PHONO ya amplifaya, sauti inakuzwa mara mbili na kunyooshwa mara mbili. Inatoka nene, imepasuka, besi inafunika kila kitu. Nimeona watu wakiuza katriji nzuri kwa sababu ya swichi hiyo.

Iliyo ndani ya amplifaya ya zamani. Hizi zinapendwa Tanga na zinastahili kupendwa. Nyingi zina nafasi kubwa, hazipasuki hata santuri ikiwa imechongwa kwa nguvu. Shida zake ni umri na bahari. Kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za miaka 50 zimekauka, na mara nyingi upande wa kushoto na wa kulia hazikauki sawa, kwa hiyo mwimbaji anasogea upande mmoja. Hewa ya chumvi inakula mashimo ya kuchomekea na vitufe. Kabla ya kulaumu katriji, ipeleke kwa fundi redio abadilishe kapasita za upande wa PHONO na asafishe migusano. Na ukiweza, mwombe apime pikofaradi za ingizo. Fundi mmoja wa Ngamiani aliitazama amplifaya ya shangazi akakuta vikapasita viwili vidogo pale mlangoni vilivyowekwa makusudi kwa ajili ya katriji za zamani. Vinaweza kuondolewa kwa dakika kumi. Shangazi alikataa: "Usiipasue amplifaya ya marehemu." Nikanyamaza, nikatafuta njia nyingine.

Kisanduku cha bei nafuu kisicho na swichi. Kwa katriji ya sumaku, vingi ni vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Angalia adapta yake ya umeme. Mara nyingi mvumo unatoka humo, na kubadilisha adapta kunaponya.

Kisanduku chenye kurekebishwa. ART DJ Pre II ndiyo ninayoifahamu zaidi: ina kitufe cha kuongeza na kupunguza ukuzaji, swichi ya pikofaradi 100 au 200, na kichujio cha kukata ngurumo ya chini kabisa, ile inayofanya spika zitikisike bila kutoa sauti santuri ikiwa imepinda. Ni ya katriji za sumaku pekee. Kwa santuri zilizokaa kwenye joto la pwani miaka 50, zilizopinda kama ungo, kichujio kile ni cha lazima.

Mvumo, na hewa yetu

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, na mvumo unaoingia kwenye santuri ni wa hezi 50 au 100. Kumbuka fono inaikuza besi kuliko kitu kingine. Waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine, wenye kikoleo kama uma, ufungwe kwenye skrubu ya ethi ya fono au ya amplifaya, si kuning'inia. Ukifungwa na mvumo ukabaki, sogeza kisanduku mbali na transfoma ya amplifaya. Nusu mita inatosha mara nyingi. Katriji ya koili ni nyepesi zaidi kuonyesha makosa haya, kwa sababu inakuzwa mara kumi zaidi ya ya sumaku.

Kila miezi michache vua vile vishikio vinne vidogo vya nyaya za rangi nyuma ya katriji, kwa kibanio na kwa upole, futa kijani cha kutu, rudisha. Nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu za kushoto. Nyumba zilizo karibu na maji, Raskazone na kule Pangani, zinahitaji hivyo kuliko za Ngamiani.

Santuri zako ni zipi?

Santuri nyingi za 45 za Afrika Mashariki za miaka ya 60 ni za mono (sauti moja kwa spika zote), na zimepigwa mabaa na harusini kwa sindano nzito. Sindano ya duara na ya yai hazigusi mfereji mahali pamoja. Santuri iliyochakaa pale sindano za zamani zilipopita inaweza kuwa na ukuta mzima kidogo juu au chini yake, na ukibadilisha umbo la sindano unasikia santuri nyingine. Huwezi kujua mpaka ujaribu, na VM95 ndiyo inayokuruhusu kujaribu kwa gharama ya sindano tu. Audio-Technica wenyewe wanasema sindano ya duara inadumu saa 500 na ya yai 300. Ile iliyonolewa nyembamba kabisa, saa 1,000.

Kama fono au amplifaya ina kitufe cha mono, kitumie kwa santuri hizo. Kelele nyingi za santuri ya zamani zinatoka kwenye mtikisiko wa juu na chini, na mono ikizijumlisha pande mbili mtikisiko huo unafutana. Muziki wenyewe, ambao uko kulia na kushoto mwa mfereji, unabaki. Kitufe hicho kimoja kimenisaidia kuliko katriji yoyote niliyowahi kununua.

Na wenye santuri za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928: sindano ya kawaida inapwaya ndani ya mfereji wake na kukwaruza sakafu. Zinataka sindano pana, karibu mara nne. Tena zilichongwa kabla ya kipimo cha 1954, kwa hiyo fono ya kawaida inazikata trebo kupita kiasi na zinasikika zimefunikwa blanketi. Ongeza trebo kwenye amplifaya bila aibu.

Nani achukue nini

Mwenye amplifaya ya zamani iliyo hai, asiyetaka kisanduku kingine mezani: 2M Red kwenye PHONO yake, na nyaya fupi.

Mwenye santuri za 45 zilizochakaa, anayeanza: VM95E, sindano moja ya duara ya akiba, na kisanduku chenye swichi ya pikofaradi kikiwa kwenye 100. Huu ndio mchanganyiko niliomfungia shangazi. Kisanduku kimeingia AUX ya amplifaya ya marehemu, ambayo haikufunguliwa, na nyaya ndefu nimezitupa.

Mwenye santuri safi za LP (zile kubwa), mashine nzito na mkono imara, asiye na watoto wadogo ndani: DL-103 yenye fono ya desibeli 60.

Rafiki yangu wa Raskazone hakutaka kuiuza yake, nami sikumshauri aiuze. Anachagua kati ya transfoma mbili, moja kwa kumi na moja kwa ishirini. Nimemwambia ya kumi. Kisanduku chake ni cha bei nafuu, hakina nafasi kubwa, na santuri za Jamhuri Jazz zimechongwa kwa nguvu; kikipewa milivolti 6 badala ya 3, tarumbeta zitakuwa za kwanza kupasuka.